Sauti ya Mama Minza

Siku yangu ya kwanza kazini, fundi mitambo mkuu wa kampuni yetu ya kurekodi muziki hapa Mwanza aliniketisha mbele ya meza ya kuchanganyia sauti, ile yenye vitufe vya kupandisha na kushusha kila chombo peke yake. "Usiguse kitu," akasema. "Sikiliza mpaka masikio yachoke." Nilikuwa nimeajiriwa kama karani tu, lakini nilisikiliza. Miaka ikapita, nikakabidhiwa idara ya wasanii: kutafuta waimbaji, kuwaleta studio, na kuwatetea mbele ya Mkurugenzi.

Mama Minza nilimkuta Usagara, nje kidogo ya mji wetu, akiwaongoza wanawake wenzake kwa nyimbo za kulima. Mimi ni Msukuma. Nyimbo zile mama yangu alikuwa akiziimba, na shuleni nikafundishwa kuzionea haya. Siku ile, nimesimama kando ya shamba na viatu vyangu vya ofisini, haya ikanitoka. Sauti yake ilipanda bila kujikaza, ikakaa huko juu, wenzake wakaipokea kwa chini huku majembe yakishuka pamoja.

Nikamleta kwa majaribio. Wakati ule msanii aliimba kwanza bila kurekodiwa, ndipo wakubwa wakaamua. Mkurugenzi alisikiliza nusu ya wimbo.

"Sauti anayo," akasema. "Mwambie aimbe Kiswahili, na mahali pa ngoma tuweke kinanda. Mjini nani atacheza hiyo?"

Mama Minza alielewa kabla sijamgeukia. "Mwanangu, nikiimba Kiswahili nitakuwa naongea tu," akaniambia. Akajifunga kanga yake vizuri, akatoka.

"Bosi, tumrekodi alivyo," nikasema. "Akibadilishwa si yeye tena."

"Basi nenda ukauze kanda, ujue wateja wanataka nini."

Nikahamishiwa usambazaji. Nilibeba maboksi ya kanda kwenye maduka ya miji midogo, nikavuka na kivuko pale Kigongo, enzi hizo hakuna daraja. Maumivu haya ya mgongo yalianzia huko. Wateja kweli niliwajua. Kila duka waliniuliza, "Mama, za kwetu huna?" Nikirudi nilimweleza Mkurugenzi, naye alicheka.

Hatimaye akaja mkurugenzi mwingine, mama mmoja mpole, akatuuliza sisi wauzaji watu wanaulizia nini. Nikamwambia. Akanirudisha idarani kwangu, na wiki hiyohiyo nikaenda Usagara.

Mama Minza alikuwa amezeeka, kifua kinambana. "Umechelewa, mwanangu," akasema. "Lakini twende."

Tulimrekodi amekaa kwenye kiti, kipande kwa kipande kwa sababu ya pumzi, na fundi akaviunga. Sauti ilikuwa na mikwaruzo. Pale iliposhindwa kupanda, wenzake walimpokea. Aliimba Kisukuma chake, na ngoma zake zikabaki. Kanda ile ilipendwa kuliko tulivyotarajia. Redio zikaipiga, na wasanii wengine wa kwetu wakaanza kugonga mlango wenyewe. Baadaye kiti cha mkurugenzi kikawa changu. Mama Minza alikuwa ameshazikwa.

Sasa nimestaafu, naishi Mkolani, hapahapa Mwanza. Bado wananiita kwenye hafla nizungumzie asili yetu. Nazungumza, na kila neno nalisema kwa moyo wangu, kisha narudi nyumbani nimechoka. Wanaisifu sana sauti ile ya mikwaruzo. Mimi niliisikia kabla ya hapo, ilipokuwa inapanda bila kujikaza, na hakuna mashine iliyoinasa. Imebaki kichwani mwangu, na kichwa chenyewe siku hizi kinasahau.

Juzi alikuja binti mmoja mtayarishaji wa muziki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Akanieleza kwamba bibi yake huko kijijini ni mwimbaji mkubwa, naye anapanga kumrekodi akishanunua maikrofoni nzuri.

"Simu unayo?" nikamuuliza.

"Ninayo."

"Inarekodi?"

"Inarekodi, bibi, ila ubora wake..."

"Nenda leo," nikamwambia. "Chai utakunywa siku nyingine."