Neno Lililobaki Kwenye Bunduki ya Babu

Usiku ule nililala na harufu ya mafuta ya cherehani vidoleni, bunduki ya Babu ikiwa imeegemezwa ukutani karibu na kitanda. Kesho yake tulikuwa tunaanua matanga yake.

Katika ukoo wetu, kule Mbinga, bunduki ya marehemu haikabidhiwi kwa mdomo tu. Mrithi husimama uani mbele ya watu, akaielekeza kwenye mlango wa chumba cha marehemu, akavuta komeo lake na kulirudisha, kisha akavuta kifyatulio bila risasi. Mjane huwa amekaa ndani, nyuma ya mlango uliofungwa. Akisikia ule mlio mkavu, hujibu kwa sauti, "Tumesikia." Basi, bunduki imepata mwenyewe. Na mpaka siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kuigusa, isipokuwa mrithi.

Mrithi nilikuwa mimi. Babu alinichagua akiwa hai, baba zangu wadogo wakanuna wee mpaka wakachoka. Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani, na Babu alisema mtu anayeweza kuituliza cherehani korofi hashindwi na bunduki. Kibali cha polisi nilishapata. Bunduki yenyewe si ya kutambia: ndogo, ya bei chee, ya kufukuzia ngedere kwenye mahindi. Kutu ilikuwa imeila, kitako kimefungwa waya. Wiki nzima nimeihangaikia. Mbao nimeipiga msasa na kuipaka mafuta, kifyatulio kilichokuwa kigumu nimekilainisha, nikakijaribu mara nyingi kikalia vizuri.

Ilibaki springi. Chini ya mtutu kuna bomba jembamba ambamo risasi hupanga foleni, na springi huzisukuma moja moja kuelekea chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Ile ya zamani ilikuwa imelegea kabisa, haisukumi hata nzi. Jioni ile, macho yamechoka, nikaweka mpya, nikaiegemeza bunduki ukutani, nikalala. Chembani nilikuwa nimechungulia, tupu. Bombani sikuchungulia. Ya nini? Babu hakuwahi kurudi kutoka shamba na risasi ndani ya bunduki, kijiji kizima kinajua.

Nikamwona amekaa kwenye kiti changu cha kazi, mguu wake uko juu ya pedeli ya cherehani. Amevaa koti la kijivu, lile tulilomzika nalo. Nilifurahi mno. Siku zote mimi na yeye tulikuwa watani: mimi mke wake mdogo, Bibi mke mwenzangu. Nikamwambia, "Mume wangu, umechelewa, chakula kimepoa."

Hacheki. Ananitazama tu, na mguu wake unakanyaga pedeli polepole, cherehani haina uzi.

"Paskalina," anasema.

Nikashtuka hapo hapo, ndani ya ndoto. Babu hakuwahi kuniita jina langu, hata siku moja.

Sasa tuko shambani. Mahindi yamekauka, ngedere wamejaa kwenye miti, wote kimya, wameinamisha vichwa kama watu walio kanisani. Babu anakohoa. Ameshika koo. Nampiga mgongoni kumsaidia, na mgongo wake ni mwembamba na wa baridi, ni chuma. Nageuka kutafuta maji, na shamba limekuwa ua wa nyumbani kwetu.

Watu wamesimama pembeni wananisubiri. Mbele yangu kuna mlango wa chumba chake. Mikononi nimeshika bunduki, sikumbuki nimeichukua saa ngapi. Nyuma ya mlango namsikia Bibi anajisafisha koo, anajiandaa kujibu. Kidole changu kinaanza kukunjika chenyewe, nakizuia, hakizuiliki.

Babu akasimama katikati, mgongo wake kwenye mlango, mkono bado uko kooni.

"Usivute," akasema, kwa shida. "Bado nina neno."

"Liseme, Babu."

Akafungua mdomo. Juu ya ulimi wake kulikuwa na kitu kidogo cha manjano, kinang'aa. Akainama mpaka sikioni kwangu. Pumzi yake ilinuka mafuta ya cherehani.

"Mwambie mke mwenzako simtaki huku. Bado."

Niliamka nimeketi, nguo imelowa jasho licha ya baridi yote ile ya Mbinga. Dirishani kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nikaitazama bunduki pale ukutani, na jambo moja likanipiga kifuani. Ni kweli Babu hakuwahi kurudi na risasi. Lakini siku aliyoanguka shambani hakurudi. Alirudishwa. Majirani walimbeba, na bunduki wakaibeba vile vile ilivyokuwa, wakaitundika, na mila ikawakataza wengine wote kuigusa.

Niliichukua kwa mikono yote miwili, mtutu ukitazama chini, nikatoka hadi nyuma ya banda la mbuzi. Nikaielekeza kwenye kichuguu. Nikavuta komeo la chemba nikalirudisha, kama ambavyo ningefanya mbele ya watu. Nikavuta tena. Kitu kikaruka, kikaanguka kwenye majani. Risasi nzima, imeshika ukungu wa kijani, iliyokuwa imekwama bombani mpaka nilipoiletea springi yenye nguvu, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.

Nikachuchumaa, nikaiokota. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale Bibi aliponikuta, amejifunga kanga, anakwenda kuwasha moto.

"Mke mwenzangu, hata uso hujanawa umeshamkumbatia mwanamume wangu?"

Nikafungua kiganja. Akaitazama risasi, akatazama bunduki, halafu akageuka kuutazama mlango wa chumba. Utani ukamtoka usoni. Akakaa chini kwenye umande.

"Ningekuwa nimekaa pale," akasema. "Mzee yule! Alitaka nimfuate?"

"Hapana, Bibi. Alikuja usiku. Amesema nikwambie hakutaki huko. Bado."

Akaichukua ile risasi, akaiweka kwenye ncha ya kanga, akaifunga fundo, akalikaza kwa meno. Kisha akageuka kule mlangoni.

"Tumesikia," akasema.