Kidole cha Yatima

Ukifiwa na wazazi, watu huacha kukuita jina lako. Unakuwa "yatima", na kichwa chako kinageuka mali ya umma. Wanakuja, wanakipapasa, wanajichumia thawabu zao, wanarudi makwao kula. Baba alitangulia, Mama akamfuata, na sisi watatu tukabaki katika nyumba ile ile ya Lozells, mtaa wa huku kwa Waingereza: mimi binti mkubwa, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba wetu, mtoto wa kike wa miaka saba. Mimi nilikuwa mrefu mno kwa kupapaswa. Nilikuwa nimekwisha kuacha shule na kuingia kazini mtaa wa Hockley, kwenye karakana ya kung'arisha vyuma, narudi na vumbi jeusi mpaka ndani ya masikio. Kwa hiyo baraka zote za nyumba yetu zikatafutwa kwenye kichwa cha yule kitinda mimba.

Aliyezitafuta kuliko wote ni mzee tuliyemwita Ami. Hakuwa ndugu wa damu. Alitoka mtaa mmoja na Baba kule Unguja, na huku ugenini hilo latosha. Kila Jumamosi asubuhi alikuja na maandazi na gazeti la Kiingereza. Akaniambia anamsomesha mtoto kidogo, mimi nikiwa kazini. Nilimshukuru. Nani asingeshukuru?

Nikifunga viatu ukumbini nilimsikia jikoni, na nitasema kweli hata kama inaniuma: mzee yule aliwajua farasi. Alilitandaza gazeti mezani kwetu akazipitia mbio za siku ile moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua mchele.

"Huyu alishinda juzi, lakini ardhi ilikuwa kavu. Leo mvua imenyesha wiki nzima, kwato zitazama. Mtoe. Huyu kabebeshwa uzito mkubwa. Mtoe. Huyu mwenye fulana ya kijani anapenda tope, tazama, kila aliposhinda palikuwa pamelowa. Mwache."

Alichambua hivyo mpaka katika kila mbio wakabaki watatu.

"Ami, si kamari hiyo?" nilimuuliza siku moja.

Akacheka. "Kamari ni kutia pesa, mwanangu. Mie nasoma gazeti."

Kilichofuata mimi nikishatoka nilikuja kuambiwa baadaye na mdogo wangu wa kiume. Ami akishabakisha watatu wake, humvuta mtoto karibu, humpapasa kichwa, husema bismillahi, kisha humwambia aweke kidole. Gazetini kila farasi huchorewa fulana ya mpandaji wake, vijifulana vya rangi vidogo kama kucha. Mtoto huweka kidole kwenye fulana iliyompendeza, na Ami huizungushia duara. Dua ya yatima hairudi, ndivyo tulivyofundishwa sote. Ami akaona basi na kidole chake hakikosei. Elimu yote ile ya ardhi na uzito, halafu anakwenda kumgongea Mungu mlango kwa kidole cha mtoto, amsaidie kushinda haramu!

Jumamosi ile ya fulana ya kijani, siku ya baridi, mashine kubwa ya kazini iliharibika, tukaambiwa twende nyumbani. Basi liliposimama karibu na maduka yetu, nikatazama nje, nikamwona mdogo wangu wa kike. Amesimama peke yake nje ya duka la kubetia, mgongo ukutani, mtandio umelowa, midomo inakwenda mbio. Watoto hawaruhusiwi kuingia humo. Ami alikuwa ameitii sheria: alimwacha nje.

Niliteremka sijui vipi.

"Unafanya nini hapa?"

Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, haraka, asikatize alichokuwa akisoma: Ami kasema asome dua mpaka yeye atoke. Akinyamaza, farasi atashindwa.

"Twende nyumbani."

Akagoma. Akalikumbatia bomba la maji ya mvua kwa mikono miwili, na akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kwa Mama alinyamaza, alisema. Alisinzia.

Nikaelewa palepale, na damu ikanipanda mpaka machoni. Mama alipokuwa hospitali, Baba tayari alikuwa kaburini. Wale wanawake waliojaa kwetu na sufuria zao walimwambia mtoto: muombee mama yako, wewe yatima, dua yako hairudi. Akaomba. Akasinzia, kwa sababu ni mtoto. Mama akafa. Kumbe alikuwa amelibeba hilo kifuani muda wote, hajamwambia mtu, na Ami kila Jumamosi anamtwisha farasi juu yake.

Nikasukuma mlango nikaingia.

Humo wanaume walikuwa wamesimama wakitazama televisheni ukutani, sakafu imejaa vikaratasi vilivyochanwa. Ami yuko mbele kabisa, kofia yake kichwani, gazeti kwapani.

"Ami!"

"Ngoja mwanangu, vimebaki viunzi viwili vya kuruka."

"Umemwacha mtoto kwenye mvua."

"Yuko salama. Anamtaja Mungu."

"Mlangoni pa kamari?"

Kijana mmoja wa Kenya aliyekuwa karibu na mlango akasema, "Aki sister, wacha mzee apumue kidogo, farasi yake iko mbele."

"Mama, hasira mingi vile," mwingine akadakia, Mkongomani mnene mwenye koti la kazi, "utashtua farasi, ataanguka!"

Wakacheka. Ami hakugeuka. Alisema huku macho yake yakiwa ukutani:

"We binti, shule yenyewe uliikimbia, leo wanifundisha mimi dini?"

"Shule niliiacha ili mtoto yule apate mlezi. Sikuiacha awe hirizi yako."

Hapo kicheko kilikatika, lakini si kwa ajili yangu. Farasi walikuwa wameruka kiunzi cha mwisho. Fulana ya kijani iliwaacha wenzake kwenye tope, ikapita mstari peke yake. Duka zima likapiga kelele. Ami aliinua mikono, na Wallahi machozi yalikuwa yanamtoka.

"Umeona? Umeiona baraka?" Akaanza kusukuma watu kuelekea mlangoni, akampe mtoto habari.

Nilimtangulia. Mdogo wangu alikuwa ameisikia kelele. Uso wake ulikuwa umewaka, na uso ule uliniogopesha kuliko alipokuwa amelikumbatia bomba.

"Kashinda?"

Ningeweza kumwambia kashindwa. Lakini angejilaumu, angesema alinyamaza niliposema naye. Nikachuchumaa mbele yake.

"Kashinda. Anapenda tope, na leo pana tope. Ami mwenyewe alisema asubuhi, umesahau? Angeshinda hata kama ungekuwa kitandani."

"Nimelala?"

"Umelala fofofo."

Akafikiri. Nilijua swali linalokuja na nilitamani kulikimbia. Lakini hapakuwa na mkubwa mwingine wa kulijibu.

"Na Mama?"

"Mama alikuwa mgonjwa sana. Angekufa hata kama ungekesha mwezi mzima. Si wewe."

Akalia, pale pale mbele ya watu na mikoba yao ya viazi, kwa sauti ambayo hakuitoa siku ya mazishi. Ami alitoka na furaha yake, mkono umenyooka kuelekea kichwani pa mtoto. Niliudaka kifundoni. Mkono wa mzee, barabarani, mbele za watu.

"Kichwa hiki si chako," nikamwambia.

Wiki ile wanawake walikuja, wale wale wa sufuria. Mwanamke huwezi kumshika mzee mkono, walisema. Tena mwenye ihsani. Tena mtoto utamkosesha baraka, na wewe huna baba wala mama, utamtegemea nani? Niliwapa chai. Nilipomwambia mmoja wao kwamba yeye ndiye aliyemfanya mtoto aamini amemuua mama yake, aliweka kikombe chini akatafuta viatu vyake.

Jumamosi iliyofuata nilikaa nyumbani. Ami alibisha, sikufungua. Akainama kwenye tundu la barua la mlangoni, nikaona ndevu zake na pembe ya gazeti.

"Mwanangu," alimwita mtoto kwa sauti ya asali, "wamebaki watatu tu. Mmoja, niambie rangi moja tu, nende zangu."

Mtoto alikuwa amekaa ngazini na uji wake. Alinitazama. Nilimwachia ajibu mwenyewe, maana kama ningemjibia ingekuwa hasira yangu tu. Akameza, akasema kwa Kiswahili ili mzee asikie vizuri:

"Chagua mwenyewe, Ami. Mimi sijui farasi."

Akaendelea kula. Ami akakiachia kifuniko cha tundu, kikajifunga.

Tulikutana mara nyingi baada ya hapo, msibani, harusini, kwenye kituo cha basi. Akinipa salamu niliitikia, kwa kuwa kuitikia ni wajibu. Kichwa cha mdogo wangu hakukigusa tena, na mimi sikumsamehe, na sijaona bado sababu ya kumsamehe.