Maji Yaliyomwinamia Radhiya

Tamima ni fundi wa magauni ya harusi Mkunazini, na hasira zake zinajulikana mtaa mzima. Lakini hasira alizozipata kwa ajili ya mdogo wake Radhiya hazikuwa za kawaida.

Radhiya alikuwa ameolewa na Suhaib, na miaka ilipita bila mtoto. Akapelekwa kwa bwana mmoja Michenzani, Ubwa, aliyejidai kutambua majini. Masharti yake: uje umeosha nywele, hujatia mafuta. Ndani ya chumba chenye kiyoyozi ulichana nywele nyuma ya pazia kwa kitana cha plastiki, kisha Ubwa akakisogeza kile kitana kwenye maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka birikani. Maji ya Radhiya yalipinda, yakakiinamia kitana.

"Jini huyo," Ubwa alisema. "Kaja na mumeo. Toka kwa yule bwana."

Radhiya akadai talaka yake mpaka akaipata.

Eda ilikuwa imeshakwisha siku Tamima alipokuwa akikata kitambaa cha nailoni dukani. Kiyoyozi kilikuwa kikivuma, na nyuzi ziliing'ang'ania rula ya plastiki. Akafungua mfereji wa maji aisuuze. Kabla rula haijagusa maji, maji ya mfereji yalipinda kuifuata.

Alisimama pale kama aliyepigwa kofi. Akaisugua tena kwenye kitambaa. Yakapinda tena. Ndipo alipokumbuka somo la skuli: plastiki ikisuguliwa hubeba umeme, na umeme ule huyavuta maji. Kwa ghadhabu alirudi mezani akakata mkono wa gauni la mtu pasipotakiwa.

Hakulijali gauni. Alivaa buibui akenda Michenzani na rula yake. Wanawake wanne walikuwa wamekaa mkekani wakingoja zamu.

"Bi Tamima, karibu," alisema Ubwa.

"Sijaja kukaribishwa. Mimina maji!"

Ubwa alisita, na Tamima akalichukua birika mwenyewe. Akasugua rula kwenye mkono wa buibui lake, akamimina, maji yakapinda. Akampa rula mwanamke wa kwanza, akampa wa pili. Yakapinda kwa wote wawili.

"Umeme huu! Wanafunzi wanafundishwa! Umevunja nyumba ya mdogo wangu kwa kitana!"

Ubwa akawageukia wanawake, sauti yake tulivu. "Mmeona wenyewe? Jini alilokuja nalo limeshaenea chumba kizima."

Mmoja alinyanyuka akaondoka. Watatu walibaki, na mmoja wao akamwambia Tamima atoke, anawachelewesha. Tamima akachukua rula yake, akatoka.

Jioni alimwonesha Radhiya jambo lilelile jikoni kwake, kwa kitana cha plastiki na nywele za Radhiya mwenyewe. Mara mbili maji hayakupinda, kwa unyevu wa hewa na mafuta ya nywele. Radhiya akaosha nywele, akazikausha mbele ya feni, akajaribu tena. Yalipopinda, alikivunja kitana vipande viwili, akampigia simu Suhaib, ambaye sasa anafanya kazi hotelini Kendwa. Alimweleza yote, akilia.

"Mara ngapi nlikwambia sina jini," Suhaib alijibu. "Hukunisikia. Leo umeyasikia maji." Akakata simu.

Tamima alitaka kumpigia amtukane. Radhiya akamnyang'anya simu.

"Muache, dada. Hajakosea."

Kesho yake walikwenda wote wawili kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kumshitaki Ubwa. Radhiya ndiye aliyetangulia kuingia, na ndiye aliyepaza sauti zaidi.