Kifo Nilichokataa Kukiandika

Prodyuza alinipigia simu kutoka Dar nikiwa namlisha baba uji. Akasema skripti yangu ameisoma yote, nzuri, ila ina kasoro moja: mzee hafi. "Dada yangu, mzee lazima afe. Watu wanataka kulia." Nikatoka nje na simu, maana mzee mwenyewe alikuwa kalala mbele yangu, mdomo wazi, anangoja kijiko.

Skripti ile ilikuwa ya baba. Ni habari ya mwaka mto ulipofurika tukiwa shamba huku Mbwara. Sisi watoto tulikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu tunacholindia mpunga. Nguzo moja ikalegea, baba akashuka akaikumbatia, maji yakimfika kifuani, mpaka watu wakaja na mtumbwi. Nilipokuwa naandika nilimsomea sini moja moja, tukio kwa tukio, naye akinikatiza: "Hapo niliogopa. Andika niliogopa, usinifanye shujaa wa bure." Kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa habari za sinema kabla ya habari za ugonjwa. Alitaka aione kabla hajafumba macho, basi.

Sasa nimwandikie kifo mtu yu hai, tena mgonjwa, na kijiji kizima kinajua mzee wa kwenye skripti ni yeye? Huo ni uchuro, hauna jina jingine. Nikamwambia prodyuza mzee hafi, na kama hataki aache. Nilipandisha sauti, nakiri. Yeye akajibu kwa upole: "Basi sista, tuiweke pembeni kwanza." Kazi hii ndivyo ilivyo. Hakuna anayekukatalia waziwazi. Wanakuweka pembeni mpaka uchoke kuuliza.

Baba hakuchoka. Kila akimaliza kuswali, pale pale kitandani, ananiuliza: "Wameanza kupiga picha?" Mara nikasema mvua, mara barabara mbovu, mara kamera imeharibika. Uongo ukaniishia, nikamweleza ukweli. Loo, nilidhani atanishukuru!

"Ungeniua tu," akasema.

"Baba! Uchuro huo."

"Uchuro gani? Kwani hivi hapa napona? Umeninyima, mwanangu."

Akageukia ukutani. Tangu hapo uji akaupokea kwa shangazi, dada yake, kwangu hapana. Nilimtania, nikambembeleza, nikampigia magoti. Wapi! Hasira yangu hii nimeirithi kwake, na yake ilikuwa na mizizi. Nikajipa moyo kwamba itapita.

Haikupita. Alifariki alasiri moja, shangazi akimpepea. Aliuliza kama mbuzi wamerudishwa, akaomba mto wa kichwani usogezwe kidogo. Shangazi akaninong'oneza nisogee karibu, nikasogea. Nilikuwa nangoja neno moja tu, anitamkie radhi, kama wazazi wote wanavyowatamkia watoto wao. Hakunitazama. Shangazi akamtamkisha shahada, naye akaifuata kwa midomo, akakata roho.

Baada ya arobaini niliketi nikaiandika sini ile ya kifo kama ilivyokuwa, mbuzi na mto vyote ndani. Uchuro wa nini tena? Nikapanda bodaboda hadi Ikwiriri kwenye mtandao wa uhakika, nikaituma. Jibu likaja kwa ujumbe wa sauti: pole nyingi, kisha, "Sasa hii ndiyo sinema! Ila mzee anakufa kimya mno, dada. Hamwachii binti yake hata neno?"

Nilimtukana kwa sauti pale pale stendi, hadi mama muuza ufuta akaniuliza nimeibiwa nini. Nikachukua chumba gesti, nikafungua kompyuta. Kama nisingeandika, sinema isingekuwapo, na baba angekuwa ameondoka bure mara mbili. Nikaandika mzee anamshika binti mkono, anamwambia: "Nimekuwia radhi, mwanangu, duniani na akhera." Ilinichukua muda mfupi sana. Maneno nilikuwa nayo tayari.

Prodyuza anasema alilia aliposoma. Wanaanza kupiga picha kiangazi hiki, na baba atatoka kwenye sinema kama alivyotaka. Shangazi ameshaniomba nimpeleke aione, anataka kusikia kaka yake alivyonitamkia radhi, maana anadhani ilikuwa siku ambayo yeye hakuwapo. Sijamwambia kwamba radhi ile nimejiandikia mwenyewe.