Wageni wa Nyota na Shamba la Galu

Mwaka wa pili baada ya uhuru nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya Kinondo, nikiishi kwa mjomba wangu, kaka wa marehemu mama. Mjomba alikuwa mtunza bustani wa bibi mmoja wa Kizungu kule Diani. Bibi yule alipofunga mizigo kurudi kwao, alimpa mjomba makasha mawili ya vitabu, kwa kuwa alijua nyumbani kwake kuna msichana anayesoma Kiingereza. Nilitarajia kukuta vitabu vya mapishi. Nilikuta riwaya za sayansi: watu wanaokwenda mwezini, mashine zinazofikiri, miji iliyojengwa chini ya bahari.

Nilizisoma zote, na nilizisoma kwa kuzishuku. Kila ukurasa nilikuwa nikitafuta mahali mwandishi anaponidanganya. Mara nyingi nilipapata. Watu wa karne zijazo walikuwa na roketi, lakini kufua na kupika bado ilikuwa kazi ya wanawake, na mtu mweusi hakuwamo hata mmoja. Nikaanza kuyaandika hayo kwa Kiswahili, na gazeti moja la Mombasa likanipa safu ndogo kila mwezi.

Uhakiki ulioniletea balaa ulihusu riwaya ya wageni wanaoshuka ufukweni kutoka nyota nyingine. Wageni wana adabu. Wanaomba kipande cha mchanga tu, wapate kutengeneza chombo chao, kisha waondoke. Wenyeji wanakubali, wakitia alama kwenye karatasi ya wageni. Kufikia sura ya mwisho, wenyeji wanaomba ruhusa ya kupita kwenda baharini. Mwandishi alilieleza jambo hilo kama ajabu kubwa. Mimi niliandika kwamba sikuona ajabu yoyote, na kwamba kosa la wenyeji wale halikuwa ukarimu wao, bali kukubali karatasi ambayo hakuna aliyewasomea.

Gazeti lilitoka Jumamosi. Jumatano yake wanaume wawili waliovaa mashati meupe walikuja shuleni kwa gari la serikali. Mwalimu mkuu aliwaachia ofisi yake, akatoka bila kuniangalia.

"Mwalimu, haya umeyaandika wewe?" aliniuliza mmoja, gazeti likiwa mezani mbele yake.

"Ndiyo, ni mimi."

"Wageni hawa ni akina nani?"

"Ni watu wa nyota nyingine. Wamo kitabuni."

"Usitufanyie mzaha."

Nikaenda darasani kuwaletea kitabu. Yule wa pili alikifungua, akatazama picha ya chombo kwenye jalada, akakifunga. Kisha akaniuliza kwa sauti ya upole, "Nani aliyekuambia habari za Galu?"

Sikuwa nimeitaja Galu popote. Nilimjibu kwamba hakuna aliyeniambia lolote, na hiyo ilikuwa kweli. Waliondoka na kitabu changu, wakisema watakirudisha. Hawakukirudisha.

Nilirudi nyumbani na neno lile moja kichwani. Mjomba alikuwa na shamba la minazi huko Galu, linalotazamana na bahari. Nilimkuta barazani akinoa panga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuna mtu aliyekuja kuliulizia shamba la Galu?"

Aliweka panga chini. Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi tatu alizozifunga ndani ya kitambaa. "Walioniletea hizi wanataka kukodi tu," alisema. "Miaka miwili. Wanajenga mabanda ya watalii, kisha shamba linarudi kwangu."

Karatasi zilikuwa za Kiingereza. Nilizisoma kama nilivyokuwa nikizisoma zile riwaya, nikitafuta uwongo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu na heshima tupu. Wa pili ulitaja mipaka. Katikati ya wa tatu paliandikwa kwamba mwenye shamba, yeye na warithi wake, wameliachia milele. Neno kukodi halikuwamo. Nilimsomea yote kwa Kiswahili.

"Umeshaweka dole?"

"Kwenye hii, ndiyo. Lakini haina nguvu bila nakala ya pili, wanayoileta kwa chifu Ijumaa, niweke dole mbele yake." Akaziinamia karatasi. "Hilo neno la milele liko wapi?"

Nikamshika kidole nikakiweka juu ya neno hilo. Mjomba hakujua kusoma, lakini hakukiondoa kidole upesi.

Ijumaa alikwenda kwa chifu, akakataa kuweka dole. Wenye karatasi walimuuliza nani amemsomea, naye akasema ni mpwa wake. Nilipomlaumu kwa kunitaja, alinijibu kwamba hakuona sababu ya kunificha. Majirani zake wa pande zote mbili walikuwa wameshaweka dole kwenye nakala zao zote mbili, na baada ya miezi michache minazi yao ilizungushiwa waya. Ya mjomba ilibaki.

Aliyewapelekea wale wanaume wawili habari zangu sikumjua. Kinondo nzima gazeti lile lilikuwa likija nakala mbili tu, moja yangu, nyingine ya mwalimu mkuu. Tangu siku ile walipokuja shuleni, mwalimu mkuu alikuwa mwema kupita kiasi. Alinitangulia kwa salamu, akiuliza afya ya mjomba na hali ya minazi. Nilikuwa nikimjibu kwa ufupi. Huenda alikuwa na huruma tu, nami nimemdhulumu miaka yote hii.

Muhula ulipokwisha alinikabidhi barua kwa mikono miwili. Nilihamishiwa Samburu, kwenye barabara kuu iendayo bara, bila sababu kutajwa. "Nimesikitika, mwalimu," alisema. Nilimtazama usoni nisione kitu.

Samburu kulikuwa na malori, mbuzi na vumbi, na gazeti lilikuwa likifika siku tatu baadaye. Nilikuwa nimechukua kasha moja la vitabu, nikaandika juu ya riwaya ya mji ambao kila mtu anasikilizwa na kuta za nyumba yake. Uhakiki ulitoka bila aya ya mwisho. Nilimwandikia mhariri kumwuliza, naye akajibu kwa adabu kwamba nafasi haikutosha. Nikachukua rula ya darasani, nikapima chini ya safu yangu. Palikuwa na inchi mbili nyeupe, hazina kitu.