Kanga za Mama Ukutani

Nyumba ninayopanga Chamazi ina kuta zinazotoa chumvi. Ukipaka rangi leo, mvua moja tu ikinyesha inavimba, inapasuka, inaanza kudondoka vipande vipande juu ya shuka. Mwenye nyumba analijua hilo vizuri, na dawa yake ni moja: kunikataza. Nisipake rangi bila ruhusa, nisipige msumari, nisibandike makaratasi yale ya maua kwa sababu yakibanduliwa huondoka na plasta. Basi nikaishi na zile kuta kama mtu anavyoishi na ndugu mlevi, nikisogeza kabati mbele yake wageni wakija.

Mama hakuwa mgeni wa kufichwa kitu. Alikuja kutoka kwetu kusini, kwenye mikorosho, kutolewa mtoto wa jicho. Bandeji ilipotoka na macho kutulia, kitu cha kwanza alichokitazama kwa nafasi kilikuwa ukuta wa chumba nilichompa.

"Mwanangu," akasema, "huu ukuta wako una mba."

Nilicheka sana siku ile. Kadiri siku zilivyokwenda nikaacha kucheka, kwa sababu nilijua nani anashinda na huo ukuta. Mimi ni karani katika ofisi moja Kinondoni. Kutoka Chamazi hadi huko unavuka mji mzima, kwa hiyo naondoka alfajiri na kurudi watu wakiwa wameshakula. Nilikuwa nasimama mlangoni pa chumba chake, mkoba ungali begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na kazi."

"Asante. Umeshindaje leo?"

"Nimeshinda na mwenzangu huyu," anajibu, akinionyesha ukuta kwa kidevu.

Alikuwa ananitania, na mimi nilijifanya sijui kwamba nyuma ya utani kuna jambo. Jambo lenyewe lilikuwa hili: mama alitaka kurudi kwake. Daktari alishamruhusu. Kila alipoligusia nilikuwa na jibu. Mara mvua imeharibu barabara, mara tusubiri kliniki ya mwisho, mara nikipata ruhusa kazini nitakupeleka mwenyewe, lakini ruhusa siku hizi, mama, haipatikani kabisa. Niliogopa ndugu watasema nimemfukuza mama mgonjwa akakae peke yake. Na nilipenda, niseme tu wazi, kulikuta lile joto la mtu ndani ya nyumba ninaporudi. Kumweka nilitaka. Kukaa naye ndiko kulikonishinda.

Huku nyuma alikuwa anakusanya kanga. Ndugu waliokuja kumpa pole walimletea, na nyingine alizinunua mwenyewe kwa mama mmoja anayepita mtaani na mzigo wa kanga begani. Jirani yangu aliniambia mama anamchosha yule muuzaji: anakunjua doti, anaisogeza karibu na jicho lake jipya, anasoma jina lake polepole, anairudisha, anataka nyingine. Nilifurahi kusikia hivyo. Nikajua anafurahia kusoma tena. Kanga zenyewe akazipanga katika begi chini ya kitanda, zikajaa mpaka zipu ikagoma.

Ndipo nikaona video kwenye simu. Dada mmoja anapika wanga wa muhogo, uleule wa kunyooshea nguo, anaufanya uji mwepesi, anaupaka ukutani kwa brashi na kubandika kitambaa juu yake. Kikikauka kimeshika kama kimepakwa rangi. Ukikichoka unakilowesha maji, unakivuta kutoka pembeni, kinatoka chote na ukuta unabaki ulivyokuwa. Hakuna msumari, hakuna plasta inayoanguka, mwenye nyumba hana la kusema. Niliiangalia video ile ofisini wakati wa chakula cha mchana, nikaona nimepata namna ya kumfanyia mama kitu bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote.

Jumamosi moja mama mdogo alikuja kumchukua akalale kwake Boko mpaka kesho yake. Walipotoka tu, nikaweka sufuria ya wanga jikoni.

Sitadanganya kwamba sikuwaza. Nilipolivuta lile begi niliona zilivyo nyingi, zote mpya, zote doti nzima ambazo hazijatenganishwa. Mwanamke mmoja hazihitaji zote hizo. Na hakuna mwanamke kwetu asiyejua kwamba kanga ya kumpa mtu haikatwi. Ukimpa iliyokatwa umempa ya kwako, umempa kuukuu. Wazo lilikuja, wembe ukiwa mkononi, nikaliacha lipite. Nikajiambia mama hana mahali pa kuzivaa, zinaliwa na nondo tu.

Ya kwanza niliijaribia kwenye kona nyuma ya mlango, pasipoonekana sana. Ilikuwa na maua ya rangi ya machungwa kwenye mji wa kijani. Ikashika vizuri, lakini lile jina lililoandikwa chini ya mji lilinikera. Maandishi ukutani, nikaona, yatafanya chumba kifanane na duka. Nikayakata. Sikuyasoma hata kwa udadisi. Vile vipande viwili virefu nikafutia uji wa wanga uliomwagika sakafuni, nikavifagia pamoja na magamba ya rangi niliyoyakwangua kwa kisu, vyote vikaingia kwenye kiroba cha taka. Kanga zilizofuata nilizikata majina yake kwanza kabisa, nikawa natupia vipande kwenye ndoo. Nilifanya kazi mpaka jua likazama. Nilikata matundu ya swichi na soketi kwa uangalifu, nikalainisha mapovu kwa rula, pindo zikakutana na pindo. Asubuhi mkokoteni wa taka ulipopita nikawapa kiroba, nikafungua dirisha la chumba, nikasimama katikati.

Palikuwa pazuri jamani. Hata sasa siwezi kusema palikuwa pabaya. Nilipiga picha nikawatumia wenzangu wa ofisini, wakanijaza sifa, mmoja akasema mama yangu atalia kwa furaha.

Mama alirudi jioni. Nilimshika mkono nikampeleka mpaka mlangoni, nikamwambia afumbe macho. Yeye aliyetoka juzi tu kwenye giza, nikamwambia afumbe macho. Alipofumbua, alitazama ukuta wa kushoto, akatazama wa kulia, akatazama juu ya kitanda. Kisha akainama, akalivuta begi kwa mkono mmoja. Likaja lenyewe kwa wepesi.

"Umezikata," akasema.

"Zinabanduka, mama! Ni wanga tu, unalowesha maji unavuta, hata alama hai..."

"Nimekuuliza kama zinabanduka?"

Akasogeza uso karibu na ukuta.

"Majina yake yako wapi?"

Nikamwonyesha ndoo. Aliitazama, akaketi kitandani, akaanza kuonyesha kuta kwa kidole, bila hasira, kama mtu anayekutambulisha kwa wageni ukumbini. "Yule hapo juu ya dirisha ni wa jirani anayenichungia mbuzi mpaka leo. Huyu wa pembeni ni wa yule aliyebeba begi langu kichwani mpaka stendi, na mgongo wake mbovu. Yule mwenye tundu la umeme ni wa mama aliyeniokotea korosho zangu, asichukue hata moja. Nilitoka pale mie sioni, wakanishika mikono. Nilisema nikirudi naona, nitamchagulia kila mmoja jina lake kwa macho yangu."

"Lakini mama, hukuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi?"

Nilitamani anipige, au anitukane mbele ya majirani, nipate na mimi kununa. Hakunipa nafasi hiyo. Alivua viatu akalala ameelekea ukutani, na ukuta wenyewe ndio ule.

Asubuhi nilipiga simu ofisini kuomba ruhusa. Ile ruhusa isiyopatikana, niliyokuwa namwimbia mama tangu mvua za kwanza, ilipatikana kabla sijamaliza kueleza. Bosi alisema tu, "Haya, msalimie mama." Mama alikuwa amekaa palepale, anasikia. Akaomba tu sindano na uzi.

Tukazibandua. Dada wa kwenye video hakudanganya, zilitoka zote kwa maji, ukuta ukabaki na mba zake kama zamani. Tukaziloweka, wanga ukatoka, tukazianika uani mpaka majirani wakauliza kama tuna shughuli. Kisha tukatandika mkeka kibarazani, tukaanza kurudisha kila jina kwenye kanga yake. Mama alitunga uzi mwenyewe kwenye tundu la sindano, akaniangalia kidogo kuona kama nimeona. Mimi nilikuwa nalinganisha rangi, yeye anasoma jina kwa sauti, ananieleza mwenye kanga ni nani, na kwa nini jina lile linamfaa. Mmoja alikuwa mgomvi lakini ukiugua haondoki mlangoni. Mwingine alikuwa hajawahi kununuliwa kanga na mumewe, kwa hiyo jina la kanga yake lilikuwa la kuchekesha makusudi, ili acheke kwanza. Matundu ya swichi tuliyaziba na vipande vya pindo. Tulicheka sana pale kibarazani, na kila tulipocheka nilikumbuka kwamba huyu mtu alikuwepo chumbani siku zote zile, ana haya yote ya kusema, nami napita mlangoni na mkoba begani.

Mwisho ikabaki doti moja, ya maua ya machungwa. Mama aliipekua ndoo mpaka chini. Nikamwambia ilivyokuwa: nilifutia sakafu, nikatupa, mkokoteni umechukua. Alibaki ameishika ile kanga magotini.

"Nitakwenda Kariakoo, mama. Nitaitafuta kama hii hii."

"Acha. Hii itabaki hapa."

"Na mwenyewe je? Wenzake wote wakipata?"

"Mwenyewe hatalalamika," akasema, akaikunja.

Nilidhani ananifariji tu. Wiki ileile nilimsindikiza akapanda basi la kusini, begi limejaa, zipu imegoma tena. Alikaa dirishani, akasoma kwa sauti kibao cha basi la jirani, kisha kibao cha choo, ili mradi nimsikie anasoma. Basi lilipoondoka nililia, na sikujua kama nalilia kuondoka kwake au nalilia zile siku za kibarazani ambazo ningeweza kuwa nazo tangu mwanzo.

Alipofika nikampigia. "Wamezipokeaje, mama?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Wameniuliza huu mshono juu ya jina ni wa nini. Nikawaambia ndio mtindo wa Dar siku hizi. Sasa wanaulizana fundi."

Nami nikacheka. Halafu nikauliza, kwa sababu lilikuwa halijanitoka: "Na yule aliyekosa? Umemwambiaje?"

Nilisikia kuku wake wakilia kwa mbali.

"Aliyekosa ni wewe," akasema. "Ile ilikuwa yako. Ningeiacha kitandani siku ya kuondoka."

Nikauliza jina la ile kanga lilisemaje. Mama anayakumbuka majina yote. Kibarazani mengine alikuwa anayataja kabla sijamkabidhi kipande.

"Si ulikuwa nalo mkononi?" akajibu, kwa sauti ileile aliyosemea mba ya ukuta, na akaniuliza kama mvua bado zinanyesha Dar.

Nimemuuliza tena mara nyingi, na mara zote anageuza mazungumzo. Sidhani kama ananiadhibu. Nadhani kuna neno ambalo mtu huwezi kumwambia mwanao mdomoni, ndiyo maana unalinunua limeandikwa.

Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo. Niliitia ile kanga kwenye mkoba, nikaingia duka la kwanza la kanga nililoliona, nikaikunjua juu ya kaunta. Muuzaji, kijana mchangamfu, aliigeuza upande mmoja, akaigeuza wa pili, akapitisha kidole pale chini ya mji nilipopita na wembe.

"Sista, haya maua yapo mengi, yametoka na majina kibao," akasema. "Nitajie jina nikuletee."

Nilisimama pale. Nyuma yangu kulikuwa na wanawake wengine wanangoja, kila mmoja anajua anachotaka, wanataja majina na kupewa. Yule kijana alinisubiri kwa adabu, kisha akaikunja kanga yangu vizuri, akanirudishia, akamhudumia aliyefuata.