Jimbi Lisiloliwa

Siku nilipouingiza ule mmea ndani, mamangu aliutazama juu hadi chini, akauliza, "Hili jimbi lapikwa na nini?" Nikamwambia haliliwi, ni pambo tu, na ukilitia kinywani litakuwasha koo mpaka ujute. Akacheka sana. "Jimbi lisiloliwa! Basi lafanya nini nyumbani mwa watu?"

Na kweli lafanana na jimbi, ila majani yake ni magumu, kijani kilichokaribia weusi, na mishipa yake ni myeupe kama iliyochorwa kwa chokaa. Watu wa hoteli huliita alokasia. Mimi nashona mapazia, na siku ile nilikuwa nimepeleka kazi hoteli moja ya Watamu, nikakuta wanabadilisha mapambo ya ukumbi, mimea yote imetupwa nyuma ya jiko. Roho ikaniuma. Nikaomba mmoja, nikapanda nao tuktuk, nimeukumbatia njia nzima mpaka Malindi. Mtunza bustani wao alikuwa ameniusia: upe mwanga lakini usiupe jua kali, upanguse majani, na maji usiutie mpaka uchome kidole kwenye udongo ukute pamekauka. Kinachouua mmea huu, alisema, ni maji mengi.

Nikauweka chumba cha mbele karibu na dirisha, pale mamangu anapokaa na kusali. Wakati ule maradhi ya kusahau yalikuwa yamekwisha kumwanza. Alisahau chumvi kwenye mchuzi, akasahau njia ya kwenda kwa jirani, kisha akanisahau mimi. Naingia na chai asubuhi, yeye anajitanda leso vizuri na kunitazama kwa adabu, ile adabu ya kumpokea mgeni. Mara aniite kwa jina la nduguye aliyekufa zamani, mara asiniite kabisa. Nami ndiye mwanawe wa pekee, hana mwengine. Nyinyi mliozoea kugombezwa na mama zenu, shukuruni. Mimi nilitamani anitukane, walau nijue kwamba anamtukana mwanawe.

Lakini ule mmea aliujua. Kila aliyeingia aliambiwa, "Huu ameniletea binti yangu." Na jani jipya lilipoanza kuchomoza, limejikunja kama mkeka uliosimamishwa ukutani, aliniita kwa jina langu. Jina langu hasa, lile alilonipa mwenyewe! "Njoo uone, laja!" Nilitupa mkasi huko nikakimbia. Tukakaa wawili chini, bega kwa bega, kulitazama. Jani lile lilichukua siku kadhaa kufunguka, na siku zote hizo nilikuwa binti wa mtu. Akaniuliza kama nimekula. Akanisema kwamba nimekonda, nywele zangu hazina mafuta. Lilipokwisha kufunguka likawa jani kama majani mengine, nikarudi kuwa mgeni.

Likaja la pili, ikawa vile vile. Tangu hapo nikashika imani moja, na mwenye kunicheka na anicheke: maadamu mmea ule watoa majani, mamangu hajaniacha.

Sasa niwaelezeje jinsi nilivyokuwa siku nilipoona jani la chini limegeuka manjano. Nilijipa moyo kwamba ni uzee wa jani. Likafuata la pili, likalegea kwenye shina. Nikachoma kidole: udongo chepechepe. Ala! Na mimi sikuutia maji tangu juma lililopita! Nikasema labda ni unyevu wa pwani, nikausogeza penye upepo. Majani yakakauka kingo, nikaurudisha. Nikageuza jani, nikakuta vidudu vyekundu vidogo kama vumbi la pilipili, nikaviosha kwa maji ya sabuni, jani moja moja, huku nanong'ona, "Usife, tafadhali, usife." Mtu mzima na akili zangu, nabembeleza jimbi.

Jirani yangu, ambaye huja kukaa na mamangu nikienda Watamu, alisema ni jicho. Kwamba mmea mzuri vile kuuweka mbele ya wageni ni kujitakia. Akaleta ubani, tukafukiza chumba kizima mpaka mamangu akakohoa na kuuliza arusi ni ya nani. Kidole nacho nikichoma, udongo ni ule ule, maji matupu. Nikatazama dari kama lavuja. Nikamshuku jirani, nikamuuliza kwa ukali kama anautilia mmea maji nikitoka, akanuna, hakuja tena siku mbili. Haki yake.

Nilipata jibu siku stima ilipopotea. Mimi hushona chumba cha nyuma, na cherehani yangu ya stima ina kelele, husikii kitu kingine. Ilipozima, nyumba ikatulia, nikasikia maji. Mamangu alikuwa anatawadha kwa ajili ya adhuhuri. Tangu alipoteleza bafuni nilimwekea birika na beseni pale pale chumbani, karibu na msala. Nikachungulia nyuma ya pazia la mlango, kuhakikisha tu kwamba hajambo.

Alimaliza kuosha miguu. Kisha akalibeba lile beseni kwa mikono miwili, polepole, asimwage hata tone, akaenda kulimimina kwenye chungu cha mmea. Nilielewa papo hapo. Ndivyo alivyonilea na mimi: maji ya udhu hayamwagwi penye kukanyagwa, humwagiwa mti. Akasali, akatoa salamu, akakaa na tasbihi yake. Nilitaka kucheka kwa kuwa nimemkamata mwizi wangu.

Basi akaweka tasbihi, akatazama dirishani, akasema peke yake, "Lo, adhuhuri yaniponyoka nami sijasali." Akavuta birika. Akatawadha upya, akamimina upya, akasali upya. Alipokaa nikahesabu pumzi zangu tu, naomba, Ya Rabbi, isiwe. Akatazama dirishani. Akavuta birika.

Mimi niliyekuwa nikijisifu kwa watu! Mamangu asahau yote, nasema, lakini sala haimpotei. Nilikaa chini nyuma ya lile pazia nikalia kwa kuuma leso, asinisikie.

Baadaye niliung'oa mmea chunguni. Harufu ya uvundo ilinipiga usoni. Mizizi ilikuwa imegeuka uji, yateleza vidoleni. Nikakata kilichooza kwa kisu, utomvu ukaniwasha mikono, nikabaki na kipande cha kiazi kigumu chenye jani moja tu. Nikakipanda kwenye makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na vipande vya mkaa, maji yapate kupita, nikakificha chumba cha nyuma.

Mamangu akaanza kuutafuta. Alizunguka chumba akipapasa ukuta. "Binti yangu aliniletea mmea. Umeibiwa. Nitamwambia nini akija?" Nikamwambia, mama, binti yako ni mimi. Akanitazama kwa huruma, akaniambia nisiseme hivyo, binti yake ni kijana. Akalia mpaka kwikwi zikamshika. Nikaurudisha.

Ukiwa chumba cha nyuma, binti anapotea. Ukiwa chumba cha mbele, unazama. Hebu nishaurini. Nilimwekea ndoo nikamwomba amimine humo. Akamimina mara moja, mara ya pili ndoo hakuiona. Watu wa dini waliniambia mtu wa hali yake hana lawama, sala haimdai. Mwambieni yeye! Siku moja, jani lile la mwisho limekwisha kuinama, nilimkuta na beseni mikononi nikalishika. Tukavutana. "Wanizuia udhu?" akasema. Nikapiga kelele, "Mama, umeshasali! Umeshasali, umeshasali!"

Akaliachia beseni. "Nimesali?" akauliza. Alijitazama miguu yenye maji, akautazama msala uliotandikwa, na nikaona anafahamu. Kwa kitambo kidogo alijua kila kitu kinachompata. Haya iliyomjaa usoni, sitaki kuielezea.

Tangu siku ile akawa haendi penye msala bila kuniuliza. Anakuja mlangoni kwangu, amejikunyata, "Samahani, nimesali?" Mamangu, aliyeniamsha alfajiri miaka yote kwa kunivua shuka, aniomba ruhusa ya kusali. Niliweza kuvumilia kusahauliwa. Hili sikuliweza. Nikaanza kumjibu, "Bado, mama. Hujasali." Kila alipouliza, bado. Mpaka akaacha kuuliza, akarudi kuvuta birika lake mwenyewe na kumimina maji yake atakapo.

Jani lilianguka. Kiazi kikaoza. Hakumwambia tena mtu yeyote habari za binti. Chungu kimebaki pale dirishani na udongo wake, naye humimina humo, namwachia. Siku hizi viganja vyake vyatetemeka, kwa hivyo mimi ndiye nimshikiaye birika, nammiminia mikono, uso, miguu. Juzi nilipokuwa nampangusa vidole vya miguu, aliniwekea mkono kichwani.

"Mwana wa watu," akasema, "wanihudumia vizuri. Mamako yu hai?"

"Yu hai."

"Basi usimwache peke yake kwa ajili yangu. Ukifika, nisalimie sana."

Nikamwambia zimefika.